Rauta ya Marehemu

Fundi wa faiba alikuja Jumatatu asubuhi, mume wangu akiwa na wiki kadhaa kaburini. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alibisha mlango wa mbele, mama mkwe akamfungulia, akamwamkia shikamoo kwa adabu, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza kama yule bwana wa asali yupo. Alisema walikubaliana siku ile walipokuwa wanapima mtaa kwamba nyaya zikifika, nyumba hii iwe ya kwanza kufungiwa.

"Hayupo," mama mkwe akasema.

"Anarudi saa ngapi, bibi?"

Mimi nilikuwa chumbani, mlango nimeuegesha. Nilimsikia mama mkwe akisema, kwa sauti ileile ya kumwambia mtu kwamba sukari imekwisha, "Yule amefariki, baba."

Fundi alitoa maneno mengi ya pole, yakaingiliana. Akasema basi atarudi siku nyingine, hakuna haraka.

"Urudi siku gani tena?" mama mkwe akamwambia. "Aliyekuita alikuwa anaitaka. Ingia ufunge."

Nilikuwa nimekaa eda. Kwa sisi Waislamu, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku zake juu. Hatoki bila dharura, hajitii manukato, havai dhahabu, na hakutani na wanaume wasio maharimu zake. Watu huniuliza kama nilichoka kukaa ndani. Sikuchoka. Ningeambiwa nikae mwaka ningekaa. Ningeambiwa nitoke siku ya mazishi nikauze dukani, ningekwenda pia. Nilikuwa na ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii ilikuwa ya mwili mzima, na wala haikuwa na ule mchomo unaokuja ganzi inapoachia. Nilioga nikiambiwa nioge. Nilikula nikiwekewa. Wanawake waliokuja kuhani walitoka wakisema nina subira kubwa, na mimi niliwasikia kana kwamba wanamsema mtu wa nyumba nyingine.

Mume wangu aliuza asali. Aliifuata Ipole na vijiji vya jirani, akaichuja, nyingine akaiuza kwenye duka la familia pale mjini, nyingine akaipeleka Dar es Salaam. Safari yake ya mwisho ya huko alirudi na rauta aliyoinunua Kariakoo. Aliitoa kwenye boksi mezani, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nyeusi, antena zimesimama kama miguu ya mdudu aliyelala chali.

"Kampuni si wanakuja na ya kwao?" nikamuuliza.

"Ya kwao ni kijisanduku. Kitafika wapi katika nyumba hii?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nyumba ilijengwa na babu wa baba yake, aliyetoka Omani kuja kufanya biashara enzi misafara inapita hapa kwenda Ujiji. Kuta zake ni za udongo na mawe, nene kuliko mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Joto haliingii, kelele haziingii, na mtandao wa simu nao hauingii. Chumbani kwetu simu ilikuwa ya kuangalia saa tu.

Kwa hiyo alipanga yote mapema. Kiboksi cha kampuni kitakaa sebuleni, pale waya utakapoingilia kutoka barabarani. Rauta yake itakaa ukumbi wa ndani, mahali ambapo milango ya vyumba vyote inatazamana, ili isambaze kila upande. Kati ya sebule na ukumbi kulikuwa na ukuta mmoja, na Ijumaa moja baada ya sala alichukua tindo na nyundo akaanza kuutoboa. Kanzu aliivua. Vumbi jekundu likajaa kwenye ndevu, mama mkwe akalalamika kwamba anabomoa nyumba ya watu. Alipofika upande wa pili aliniita, akaniambia nizunguke nikachungulie. Nikazunguka. Niliona jicho lake, likiwa na vumbi kwenye kope.

Baada ya hapo aliiwasha rauta hata kabla ya intaneti kuja, ili aone inavyofanya kazi. Akaipa neno la siri, na akaupa mtandao jina. Jina lile lilikuwa lile analoniitia tukiwa wawili. Nilimwambia alitoe, wageni wataliona kwenye simu zao. Akacheka, akasema wageni hawatajua ni nani.

Haikuchukua muda akaanguka dukani akiwa anampimia mteja asali. Presha. Walimkimbiza hospitali kule Kitete, na kesho yake alasiri alikata roho, mimi nikiwa nimemshika mguu, kwa sababu upande wa kichwani walikuwa wamesimama wakubwa wa familia.

Siku hiyo ya Jumatatu fundi alifunga kila kitu kwa utaratibu wa kampuni. Nilisikia drili, nilisikia ngazi ikiburutwa nje, nilisikia akiomba maji ya kunywa. Aliyekuwa naye muda wote ni wifi yangu, dada pekee wa marehemu. Alikuwa amekuja kwa msiba kutoka Mwanza, ambako alikuwa na cherehani yake na wateja wake, na hakuwa amerudi. Mimi na yeye hatukuwahi kugombana, lakini hatukuwa watu wa kukaa pamoja pia. Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo, binti wa mkulima wa tumbaku, na nilipoolewa nilijua kwamba yeye alikuwa amemchagulia kaka yake mtu mwingine. Hakunifanyia ubaya. Alinisalimu kila alipokuja, akauliza hali ya kwetu, basi.

Wifi ndiye aliyemwonyesha fundi ile rauta nyeusi na lile tundu la ukutani.

"Kaka alitaka hii itumike," akasema.

"Hiyo sina ruhusa kuigusa, dada. Kampuni inataka itumike ya kwake."

"Ruhusa ya nani? Nyumba ya nani hii?"

"Televisheni ikigoma mtanipigia mimi, na mimi sitakuwa na la kuwajibu."

Akaunganisha televisheni moja kwa moja kwenye kiboksi cha kampuni, kwa waya mrefu alioupitisha kwenye lile tundu mpaka kwenye king'amuzi cha ukumbini. Picha zikaja safi. Mama mkwe akapewa rimoti, akafundishwa kupanda na kushuka chaneli. Kisha fundi akaaga na kuondoka, na mimi chumbani nikatazama simu. Hakuna kitu. Mtandao wa kiboksi kile ulishika sebuleni, ukashika kidogo ukumbini ukisimama karibu na tundu, na ukaishia hapo.

Hili lisingenisumbua kama si kazi. Kazi yangu ni kunakili mahojiano. Watafiti huenda vijijini wakarekodi watu wakizungumza, wananitumia sauti, nami naandika neno kwa neno. Zamani nilikuwa nafanyia chumba cha nyuma cha duka, ambako mtandao ulishika. Sasa dukani siendi. Sebuleni nako siwezi kukaa, maana wanaume wanaokuja kumpa pole mama mkwe hukaribishwa humo. Yule dada anayenipa kazi alimtumia wifi ujumbe kwenye simu yake: pole sana, hanikimbizi, ila kama nitaona vigumu nimwambie ampe mtu mwingine.

Wifi alinisomea ujumbe huo akiwa amesimama mlangoni.

"Nimjibu nini?"

"Mwambie ampe mtu mwingine."

Akanitazama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama kwa muda mrefu namna ile. "Hapana," akasema. "Nitapiga simu kampuni."

Akapiga huduma kwa wateja, akaweka sauti ya juu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu karibu na dirisha ambako simu ilishika kidogo. Msichana wa upande wa pili alikuwa mpole sana. Alisikiliza habari ya kuta nene, akasikiliza habari ya rauta, kisha akasema kubadilisha mpangilio kunawezekana, ila ni lazima azungumze na mwenye akaunti.

"Mwenye akaunti amefariki," wifi akasema.

"Oo, pole sana dada yangu. Mungu amlaze pema."

"Amina."

"Kwa hiyo naomba mwenye akaunti atupigie akiwa na kitambulisho chake, tutamsaidia."

Wifi aliiweka simu kwenye shuka bila kuikata. Sauti ya yule msichana ikaendelea kuuliza kama kuna jambo lingine anaweza kutusaidia. Nilijua kwamba hapo mtu angelia, au angecheka. Niliitazama ile simu ikitetemeka juu ya maua ya shuka mpaka ikajizima.

Siku chache baadaye fundi alirudi mwenyewe, hakuitwa. Alikuwa anafunga nyumba ya jirani, na akaja kuuliza kama televisheni ya bibi inaendelea vizuri. Mama mkwe akamwambia televisheni haina neno, lakini mke wa marehemu yuko ndani ya kaburi lake mwenyewe huko chumbani, hana hata simu. Alisema hivyohivyo. Mimi nilikuwa nakunja nguo nyuma ya pazia.

Nilisikia fundi akiweka mkoba wake chini.

"Ile rauta iko wapi?"

Wifi akamletea. Yeye akawa sebuleni na ukumbini, wifi akawa anakwenda na kurudi, na mimi nikavuta kiti nikakaa nyuma ya pazia la mlango wangu. Kama nilitaka kuuliza jambo, nilimwambia wifi kwa sauti ya chini, naye akalisema. Baada ya muda tukachoka na utaratibu huo, nikawa nasema mwenyewe kutoka nyuma ya pazia, na fundi akawa anajibu akiwa ametazama ukuta wa mbali. Wifi aliniambia hivyo baadaye, kwamba muda wote alikuwa ameupa mlango wangu mgongo.

Tatizo la kwanza lilikuwa neno la siri.

"Kuna la kuingilia wifi, na kuna la kuingilia ndani ya rauta yenyewe kubadilisha mipangilio," fundi akaeleza. "Mimi nahitaji hilo la pili, dada. Unalijua?"

La kwanza simu yangu ililishika. La pili sikulijua. Tukajaribu tuliyoyafikiria: jina la duka, jina la mtaa, namba ya simu yake. Wifi akajaribu jina la mbuzi waliyemfuga utotoni. Rauta ikakataa yote.

"Basi kuna njia moja," fundi akasema. "Hapa nyuma kuna kitundu. Ukibonyeza kwa pini ikakaa kidogo, inafuta yote, inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Jina, maneno ya siri, kila alichoweka."

Wifi akaja akasimama kwenye pazia. Alikuwa na pini ya ushungi mkononi, ameshaitoa kichwani.

"Futa tu," nikasema.

"Una hakika?"

"Futa."

Akarudi kwenye meza ya ukumbini. Nikasikia fundi akimwambia, shikilia, shikilia, bado, haya achia. Nilikuwa nimeshika simu yangu. Jina lile lilikuwa limeandikwa pale juu kwenye orodha ya mitandao, peke yake. Nililitazama. Likakaa. Kisha halikuwepo. Nilisubiri nione nitahisi nini. Nilichohisi ni kwamba kiti kilikuwa kigumu, na kwamba mguu mmoja wa kiti ulikuwa mfupi.

Rauta ilipowaka tena, fundi akaanza kuuliza maswali ya mwanzo. Akamwambia wifi aandike jina jipya la mtandao.

"Niandike jina gani?" wifi akaniuliza kwa sauti, ili nisikie.

Ningeweza kumwambia lile la zamani. Ndilo nililotaka kusema. Lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mama mkwe alikuwa ukumbini, fundi alikuwa ukumbini, na jina lile halikuwahi kutamkwa mbele ya watu. Kulisema ilikuwa kama kutoka na kanga moja.

"Andika Nyumbani," nikasema.

Akaandika Nyumbani. Mpaka leo linaitwa hivyo. Wifi alinifundisha baadaye jinsi ya kulibadilisha, ni jambo la dakika, na mara mbili tatu nimefungua ukurasa ule nikaufunga.

Fundi alikuwa amechomoa waya wa televisheni kutoka kwenye kiboksi cha sebuleni, akaufanya ndio waya wa kuleta intaneti kwenye rauta yetu. Tundu lilikuwa la waya mmoja. Kisha akachukua waya mfupi kutoka rauta yetu mpaka kwenye king'amuzi. Simu yangu ikajaa pau za mtandao. Ujumbe wa wiki zote ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine, pole, pole, inna lillahi, pole.

"Wifi inashika huko chumbani?" fundi akauliza kwa sauti.

Mama mkwe masikio yake si mazuri sana. "Wifi yake si huyu hapa umesimama naye?" akamjibu. "Chumbani yuko peke yake."

Wifi yangu alicheka. Alicheka kwa nguvu, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio, na nyumba ikanyamaza kama vile kuna kitu kimevunjika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kucheka mle ndani. Mama mkwe akauliza amesema nini cha kuchekesha. Hakuna aliyemweleza.

Lakini televisheni ilikuwa imekufa. Kioo kilikuwa cheusi na maandishi kwamba huduma haipatikani. Fundi akazima, akawasha. Akabadilisha waya. Akaingia kwenye mipangilio ya rauta na kutoka. Jasho lilikuwa linamtoka, wifi alisema. Mama mkwe alikuwa amekaa na rimoti mapajani, anasubiri tamthilia yake.

"Ndiyo maana niliwaambia," fundi akasema. "Rauta ya nje haielewani na televisheni ya kampuni. Mchague moja."

Sikuwa na nguvu ya kubishana, na sikujali sana. Ila nilikuwa nimeshakaa nyuma ya pazia asubuhi nzima nikisikiliza, na kazi yangu ni kusikiliza. Mara ya kwanza, waya wa televisheni ulitoka kwenye kiboksi cha kampuni moja kwa moja, na picha zilikuja. Sasa umepitia kwetu, hazikuja.

"Fundi," nikasema, "televisheni lazima ipite kwenye rauta yetu?"

"Una maana gani, dada?"

"Irudishe kwenye kiboksi cha kampuni, palepale ilipokuwa. Waya mwingine uje kwenye hii rauta kwa ajili ya simu na kompyuta. Kila mtu na wake."

Akafikiri. "Itafaa," akasema. "Ila zitahitajika nyaya mbili, na tundu lenyewe ndilo hili."

Waya wa pili haukupita. Kichwa chake cha plastiki kilikwama katikati ya ukuta. Fundi akataka kuchukua drili, mama mkwe akasema hakuna mtu atakayetoboa ukuta huu tena. Alisema kwa ukali ambao hatukuutarajia. Basi fundi akakata kichwa cha waya, akaupitisha mtupu ukichubuka kwenye udongo, na upande wa pili akaketi sakafuni akaufunga kichwa kipya, uzi mmoja mmoja wa rangi. Kazi hiyo ilichukua muda. Wifi akamwekea kahawa na tende pembeni. Alipomaliza na kuchomeka, televisheni ikarudi, na simu yangu ikabaki na pau zake.

Alipoaga alisimama katikati ya ukumbi. "Dada," akasema akiutazama ule ukuta wa mbali, "siku tunapima mtaa yule bwana alinionjesha asali kwa kijiko, akaniambia niseme ni ya mti gani. Nilikosea. Alifurahi sana nilivyokosea."

"Ndivyo alivyokuwa," nikasema.

Nikaanza kazi upya. Nilikaa kitandani na kompyuta, vipokea sauti masikioni, nikaandika yale watu wa mbali waliyoyasema kuhusu visima, mbolea na kuni. Mtu akikohoa niliandika: anakohoa. Akilia niliandika: analia. Nilipeleka kazi kwa wakati, na yule dada akanisifu kwamba sijawahi kuandika safi namna hii. Sidhani kama ni sifa niliyoistahili. Nilikuwa naandika tu kila kilichopita, kama ndoo inavyopokea maji.

Wifi alianza kuja kukaa chumbani kwangu mchana, kwa sababu alisema mtandao unashika vizuri zaidi humo. Haikuwa kweli, ukumbini ulishika vizuri zaidi. Alikuwa akitazama watu wa mbali wakikata vitambaa, sauti ameizima, na mimi nikiandika. Wakati mwingine tulipitisha mchana mzima bila neno. Siku moja aliniambia, macho yakiwa kwenye simu, "Nilikuwa nadhani unajivuna." Nikamwambia, "Nilikuwa nawaogopa." Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama vitambaa vyake.

Mama mkwe yeye alikuwa na tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa, ikionyeshwa alasiri. Sikuifuatilia, lakini niliisikia kila siku kupitia pazia. Alasiri moja nilisikia sauti nyingine juu ya ile ya televisheni, nikadhani ni katika mchezo. Nikatoka. Mama mkwe alikuwa analia. Kwenye kioo walikuwa wanamzika kijana fulani, mvua inanyesha, wote wamevaa makoti. Mama mkwe alikuwa ameshika upindo wa shela yake kwa mikono miwili na analia kwa mwili wote, mabega yanapanda na kushuka.

Nikamletea maji. Nikakaa karibu naye kwenye mkeka. Hakuyanywa.

"Wewe huwa unalia?" akaniuliza baadaye, matangazo ya sabuni yalipokuja.

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hayaji. Sijui nimekuwaje."

Akajifuta uso. "Mimi ndiyo leo. Mwanangu wa kumzaa sijamlilia, nimekuja kumlilia huyu mtoto wa Mturuki." Akakunjua upindo wa shela. "Nilidhani wewe unalia usiku, nikaona aibu kukuuliza."

"Na mimi nilidhani wewe unalia."

Tukakaa. Mchezo ukarudi, mama wa yule kijana akawa anazungumza na polisi. Mama mkwe akanieleza nani ni nani, nani ni mbaya na nani anajifanya mwema, na mimi nikamsikiliza mpaka mwisho. Kuanzia hapo nikawa nakaa naye kila alasiri. Sikuwa nimepata nafuu. Lakini nilijua saa kumi nitakuwa wapi.

Eda ilipokwisha walikuja wanawake wa familia, nikaoshwa, ikasomwa dua, nikapewa nguo mpya na udi. Watu walikula pilau. Mama yangu alikuja kutoka Urambo na baada ya chakula akasema mbele ya wote kwamba anaomba anichukue nikapumzike nyumbani. Mama mkwe akajibu kwamba ni haki yake. Nikafunga nguo chache, na zile chache zilikuwa karibu zote nilizonazo. Sikujua kama nakwenda kupumzika au ndiyo nimeondoka. Nadhani hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

Urambo ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Kaka zangu walikuwa wakichochea moto mabanini, kwenye mabanda ya kukaushia, nyumba nzima ikinuka moshi mtamu ule ninaoujua tangu utoto. Nililala sana. Mama alinipikia uyoga, akanisuka nywele. Alizungumza Kinyamwezi na mimi kutwa nzima, nami nikamjibu, na nikaona ni kazi ngumu kama kubeba kitu.

Alasiri moja simu iliita kwa picha. Ilikuwa mama mkwe, hajawahi kunipigia kwa picha. Nilichoona ni paji la uso na boriti za dari.

"Televisheni imekufa," akasema. "Wifi yako amekwenda Mwanza kufuata cherehani, anahamia huku. Niko peke yangu."

"Mama, kama unaniona, intaneti ipo. Ni waya wa televisheni. Nani amefagia?"

"Yule binti wa jirani amenifagilia."

"Basi ameuchomoa. Nenda sebuleni kwenye kiboksi cha kampuni. Uone kama kuna waya unaning'inia."

Picha ikayumba. Nikaona sakafu, nikaona miguu yake na kandambili, nikaona ukuta ukipita karibu sana. Alikuwa anahema. Akasema kuna mmoja, uko chini, mweupe. Nikamwambia auchomeke kwenye tundu la mwisho la kiboksi. Akasema macho hayaoni. Nikamwambia apapase kwa kidole. Akapapasa, akakosea, akapapasa tena. Nikasikia mlio mdogo wa plastiki ikikaa mahali pake.

"Sasa rudi ukumbini, subiri kidogo."

Tukasubiri wote wawili. Nilikuwa nimesimama nje ya banda la tumbaku, moshi ukinijia usoni. Kisha nikasikia sauti za Waturuki wakizungumza Kiswahili.

"Imekuja," akasema. Paji la uso likarudi, safari hii na jicho moja. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekonda, au ni simu?"

"Ni simu."

Akageukia televisheni, nadhani amesahau kwamba bado ananipigia. Halafu akasema, bila kugeuka, "Utakuja lini?"

"Jumamosi," nikasema. Sikuwa nimefikiri kabla ya kusema.

"Haya. Yule mbaya bado hajakamatwa," akasema, na akakata.

Mama yangu alikuwa amesikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapanga majani ya tumbaku kwa ukubwa. Aliniambia kwa Kinyamwezi kwamba mume wangu hayupo tena kule, kwamba kule sasa ni kwa watu.

"Najua, mama," nikamwambia.

Nikavuta kigoda kingine nikakaa nimsaidie. Tulipanga majani mpaka jua likazama, makubwa upande wake, madogo upande wangu, na Jumamosi asubuhi alinisindikiza kituoni akiwa amenibebea mfuko wa uyoga mkavu wa kumpelekea mama mkwe.